Kamera yangu inatoa picha safi lakini haifanani na filamu: nibadilishe mipangilio gani?

Mwandaaji_Mpya ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Ninaandaa filamu fupi yenye wahusika wawili tu wanaozungumza, sehemu ya kwanza ikiwa nje mchana na sehemu ya pili ndani ya chumba usiku. Kamera yangu ni ya kubadilisha lenzi, ina kihisi (sehemu inayopokea mwanga) cha ukubwa wa APS-C, ambao ni mdogo kuliko wa vihisi vikubwa vya fremu kamili, inarekodi 4K, na inaniruhusu kuchagua fremu (picha moja moja zinazounda video) 24, 25, 30, 50 au 60 kwa sekunde. Nina lenzi iliyokuja na kamera, pamoja na nyingine ya milimita 35 inayofunguka hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, uwazi wa lenzi ni mkubwa).

Shida ninayotaka kuitatua kabla ya kuanza kazi yenyewe ni kwamba picha za majaribio ni safi na kila kitu kinaonekana wazi, lakini anayezitazama hudhani ni taarifa ya habari au sherehe iliyorekodiwa, wala hahisi kwamba anasimuliwa hadithi. Mhusika akitembea, mikono na miguu yake huonekana kurukaruka. Anga limeungua na kuwa jeupe tupu. Nikiigeuza kamera kutoka kwa mhusika mmoja kwenda kwa mwingine, rangi ya ngozi hubadilika katikati ya mazungumzo, kwa kuwa karibu kila kitu nimeiachia kamera iamue yenyewe. Ndani ya chumba, mistari ya giza hupita ukutani ingawa kwa macho taa inawaka vizuri.

Naomba kuelezwa ni mipangilio ipi hasa inayoleta sura ya filamu, nianze na upi, na kwa sababu gani, maana ningependa kuelewa kuliko kupewa namba za kunakili. Aidha, kwenye menyu kuna mpangilio wa picha uitwao logi, unaoifanya picha ionekane imepauka, na wapo wengi wanaousifu. Je, niutumie?

Fremu24 amejibu:

Ndugu, karibu. Umeeleza dalili kwa uangalifu, na hilo linarahisisha jibu, kwa sababu karibu zote zinatokana na jambo moja: kamera inapoachiwa iamue, huona kazi yake kuwa ni kuweka mwanga wa kutosha tu, na ili kuupata mwanga huo hubadilisha kitu chochote kilicho karibu, hasa kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Sura ya filamu inadai kinyume chake. Kasi ya shata huwekwa mara moja na kuachwa hapo, kisha mwanga ndio unaotafutiwa njia nyingine ya kudhibitiwa.

Tuanze na idadi ya fremu. Enzi za filamu zisizo na sauti, kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono na kasi ilitofautiana kutoka kwa mpigapicha mmoja hadi mwingine. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, ilibidi ukanda upite kwa mwendo usiobadilika, kwani sikio hutambua mara moja sauti inayopanda na kushuka, na fremu 24 kwa sekunde zikawa kawaida. Tangu hapo vizazi vya watazamaji vimezoea kuona hadithi za kuigiza katika mwendo huo, huku fremu 50 au 60 zikihusishwa na michezo na matangazo ya moja kwa moja. Mwaka 2012 filamu moja kubwa ilionyeshwa katika baadhi ya kumbi kwa fremu 48, na watazamaji wengi walilalamika kwamba ilionekana kama tamthilia ya televisheni. Kwa hiyo chagua 24 au 25. Jicho halitatofautisha hizo mbili, ila usizichanganye ndani ya kazi moja.

Sasa shata, ambayo ndiyo chanzo cha mikono inayorukaruka. Ndani ya kamera ya filamu kulikuwa na sahani inayozunguka mbele ya ukanda, na kwa kawaida nusu yake, yaani nyuzi 180, ilikuwa wazi. Kila fremu ilipata mwanga kwa nusu ya muda wake, na nusu iliyobaki ilitumika kuusogeza ukanda. Kwa fremu 24, nusu hiyo ni 1/48 ya sekunde. Kamera nyingi za leo hutoa 1/50, na tofauti hiyo haina uzito. Katika muda huo mkono unaopunga huacha ukungu kidogo kwenye kila fremu, na ukungu huo ndio unaoiunganisha fremu moja na inayofuata machoni pa mtazamaji. Kamera yako ilipokuwa juani bila shaka ilikimbilia 1/1000 au zaidi, hivyo kila fremu ikawa kali kabisa, na mkono ukawa unaonekana mahali kadhaa mbalimbali bila chochote katikati. Kanuni ni kuwa namba ya chini ya kasi ya shata iwe takriban mara mbili ya idadi ya fremu: fremu 25 kwa 1/50, na ukirekodi fremu 50 ili baadaye upunguze mwendo hadi nusu, tumia 1/100.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu 1/50 huingiza mwanga mwingi mno mchana. Tupige hesabu. Kanuni ya zamani ya wapiga picha husema kwamba jua likiwa kali, kwa ISO 100 (ISO ni kiwango cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/16, kasi inayofaa ni karibu 1/100. Ukishuka hadi 1/50 utalazimika kufunga lenzi hadi f/22, ambapo picha hupoteza ukali kidogo na kila kitu, kuanzia pua ya mhusika hadi mlima ulio nyuma yake, huwa wazi kwa kiwango kilekile. Ukitaka f/2.8 ili mandhari ya nyuma yalainike, unahitaji kupunguza mwanga kwa stopu 6, na kila stopu ni nusu ya iliyotangulia, hivyo mwanga uwe sehemu moja ya 64. Hakuna mpangilio wa menyu utakaokufanyia kazi hiyo. Inafanywa na filta ya ND, kioo cha kijivu kinachofungwa mbele ya lenzi, na kwa mfano huu ni ND64, ambayo watengenezaji wengine huiandika ND 1.8. Kama ningeambiwa ninunue kifaa kimoja tu kwa ajili ya sura ya filamu, ningenunua hiki kabla ya lenzi mpya na kabla ya kamera mpya.

Zipo filta za ND zinazozungushwa ili kuongeza au kupunguza giza. Zinaokoa muda sana, ila zimeundwa kwa vioo viwili vya kupolaraizi, na ukizizungusha hadi mwisho kwenye lenzi pana utaona kivuli chenye umbo la msalaba katikati ya picha. Zizungushe kwa kiasi na uache ukingo wa usalama.

Mistari ya ukutani nayo ni suala la shata. Katika nchi zenye umeme wa hezi 50, taa nyingi hupiga mapigo 100 kwa sekunde, na zenye hezi 60 hupiga 120. Kihisi cha kamera husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo shata ikiwa fupi kuliko pigo moja au isipolingana na mapigo hayo, baadhi ya mistari hupata mwanga mdogo kuliko mingine. Kwenye hezi 50 tumia 1/50 au 1/100. Kwenye hezi 60 tumia 1/60 hata kama unarekodi fremu 24. Taa za LED zenye kifaa cha kupunguzia mwanga huweza kuwa na mapigo ya namna nyingine kabisa, na dawa yake ni kuziwasha kwa nguvu zote au kuzibadilisha.

Rangi_na_Kivuli amejibu:

Ninakubaliana na yote aliyoyaeleza Fremu24, nami niongeze kuhusu rangi na hiyo logi, kwa sababu hapa ushauri unaosambaa huwaumiza watu wengi.

Logi haikubuniwa ili picha ifanane na filamu. Ilibuniwa ili kamera iweze kuhifadhi tofauti kubwa zaidi kati ya sehemu yenye giza na sehemu yenye mwanga mkali ndani ya faili moja, kwa kugawa upya ngazi za mwanga. Picha huonekana imepauka kwa kuwa haijakamilika. Inasubiri mtu aipangie rangi. Sasa ngazi hizo zinatokana na biti. Faili ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, na ya biti 10 ina ngazi 1,024. Ukirekodi logi kwa biti 8 kisha ukainyoosha wakati wa kuhariri, ngazi hazitoshi, na anga la jioni ambalo lilipaswa kubadilika polepole linakatika na kuwa tabaka zinazoonekana wazi. Kwa hiyo kabla ya kuamua, angalia menyu: kama kamera yako inarekodi biti 10, hasa ikiwa na 4:2:2 (namna ya kurekodi inayohifadhi rangi kwa undani zaidi), logi ni msaada mkubwa. Kama inaishia biti 8, ninakushauri bila kusita uachane nayo.

Kuna gharama nyingine ambayo husahaulika. Kamera nyingi haziruhusu logi chini ya ISO 640 au 800, jambo ambalo kwenye hesabu ya jua hapo juu linaongeza takriban stopu 3, na ND64 haitatosha tena; utahitaji karibu stopu 9. Filta nzito kiasi hicho, zikiwa za ubora hafifu, hugeuza nguo nyeusi kuwa na wekundu wa kahawia, kwa sababu huzuia mwanga unaoonekana na kupitisha infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho. Vilevile logi ikirekodiwa gizani huwa na chenga nyingi kwenye vivuli, ndiyo maana wazoefu huipa mwanga mwingi kidogo kuliko kamera inavyopendekeza, kisha huishusha wakati wa kupanga rangi.

Mpangilio ninaoupenda kwa kamera ya biti 8 ni kuchukua wasifu wa picha wa kawaida au ule usio na rangi kali, kupunguza utofauti wa mwanga na giza kwa hatua moja au mbili, kupunguza wingi wa rangi kidogo sana, na kushusha ukali wa picha hadi karibu na mwisho. Hilo la ukali ni muhimu kuliko linavyosikika. Kamera huchora ukingo mwembamba kuzunguka nywele, kope na majani ili picha ionekane safi, na ukingo huo ni miongoni mwa alama zinazomwambia mtazamaji mara moja kwamba anaangalia video. Ukali unaweza kuongezwa wakati wa kuhariri. Ukingo uliokwisha kuchorwa hauondoki.

Kuhusu ngozi kubadilika rangi, zima urari mweupe wa kujiendesha, yaani kamera kujiamulia yenyewe rangi ipi ni nyeupe. Weka kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5600 nje mchana, na 3200 ukiwa chini ya taa za balbu za njano, kisha usiguse hadi tukio liishe. Usiku unaweza kuweka kama 4000 chini ya balbu hizo ili joto la taa libaki kidogo kwenye uso. Chumba cha usiku kilichosahihishwa hadi weupe wake ukawa kamili hupoteza usiku wenyewe.

Mwandaaji_Mpya amejibu:

Nawashukuru sana. Nimeangalia menyu, na kamera yangu inarekodi biti 8 peke yake, hivyo nitaacha logi. Nimejaribu fremu 25 kwa 1/50 na ukali ukiwa chini, na mwendo umebadilika mara moja. Yamebaki mambo mawili. Kwanza, nyuso bado zinaonekana bapa, hazina uzito ninaouona kwenye filamu. Pili, nifikirie nini kuhusu mistari myeusi ya juu na chini, na je, ninaweza kutumia simu kama kamera ya pili?

Taa_Moja amejibu:

Ubapa huo hautoki kwenye kamera, ndugu yangu, wala hautaondolewa na menyu. Unatoka mahali taa ilipowekwa. Taa, dirisha au jua likiwa upande uleule ilipo kamera, uso mzima hupata mwanga sawa, na umbo la shavu, pua na taya hutoweka. Ihamishe taa iende upande wa mbali, ili upande wa uso ulio karibu na kamera ndio uwe kwenye kivuli. Badiliko hilo moja lina nguvu kuliko yote mengine yaliyotajwa hapa, nami nasema hivyo nikiheshimu sana yaliyotangulia: mipangilio hulinda kile ambacho mwanga umekifanya, lakini haiwezi kukibuni.

Nje, waweke wahusika wako jua likiwa nyuma yao au ubavuni, na uepuke saa ambazo jua liko utosini, kwani macho hugeuka mashimo ya giza. Anga lisiungue, panga kamera itazame mahali penye miti, ukuta au kilima badala ya anga tupu, kisha shusha mwanga hadi sehemu kali zibaki na maelezo. Ndani, tumia taa moja kubwa iliyolainishwa kwa kitambaa cheupe, na kama kuta ni nyeupe, ning'iniza kitambaa cheusi upande wa kivuli. Watu husahau kwamba ukuta mweupe nao ni taa. Hurudisha mwanga kwenye kivuli ulichokitafuta kwa bidii na kuufanya uso kuwa bapa tena. Tofauti ya stopu 2 kati ya upande wa mwanga na upande wa kivuli inafaa kwa mazungumzo ya kawaida, na 3 au zaidi kwa tukio zito.

Kuna jambo la vipimo vya ngozi ambalo ninalisisitiza kila ninapopata nafasi. Miongozo mingi husema uso uwekwe karibu asilimia 70 kwenye kipimo cha mwanga cha kamera, ile mistari ya zebra inayoonyesha kwenye skrini sehemu zilizofikia kiwango fulani cha mwanga. Kipimo hicho kilizoeleka kwa ngozi nyeupe. Ngozi nyeusi ikisukumwa hadi hapo hupoteza kina chake na kuwa ya kijivu, na kila kilicho nyuma huungua. Ninaiweka kati ya 40 na 55 kulingana na mtu na tukio, kisha naipa uhai kwa mng'ao badala ya wingi wa mwanga: chanzo kikubwa na laini kikiwekwa ubavuni hujiakisi kwenye paji la uso, shavu na mfupa wa pua, na umbo la uso hujichora lenyewe. Mafuta kidogo ya ngozi husaidia, poda nyingi huua. Ukiwa na wahusika wawili wenye ngozi zinazotofautiana sana, usibadilishe mpangilio wa kamera kati yao. Msogeze mwenye ngozi nyeusi zaidi karibu na taa.

Tumia hiyo lenzi ya milimita 35, kwa kuwa kwenye APS-C hutoa upana wa picha unaokaribia ule wa milimita 50 kwenye kihisi kikubwa, na uso hauvutwi wala kubanwa. Usiifungue hadi f/1.8 kwa sababu tu inafunguka. Mhusika akiinamisha kichwa kidogo, jicho moja litatoka kwenye fokasi. Kwa f/2.8 au f/4, pamoja na kumtenga mhusika mita kadhaa kutoka ukutani, utapata ulaini wa nyuma unaoutafuta.

Kuhusu mistari myeusi, umbo pana la 2.39 kwa 1 kwenye picha ya 3840 kwa 2160 hubakisha mistari ya picha takriban 1,607 kati ya 2,160 ya kimo chake, yaani unapoteza karibu robo ya picha uliyorekodi. Ukiamua kulitumia, washa alama zake kwenye skrini ya kamera wakati wa kurekodi ili upange vichwa na mikono ndani yake. Kuibandika baadaye juu ya picha iliyopangwa kwa umbo la kawaida hukata nywele za watu na haiongezi chochote.

Rangi_na_Kivuli amejibu:

Simu inaweza kutumika, kwa masharti. Ifungie mambo yote kwa mkono kupitia programu inayoruhusu hivyo. Blackmagic Camera ni ya bure na ipo kwa iPhone na kwa baadhi ya simu za Android. Weka fremu 25 na 1/50 sawa na kamera kubwa, na uhakikishe idadi ya fremu haibadiliki yenyewe, kwa sababu programu ya kawaida ya simu huipandisha na kuishusha kufuatana na mwanga, na hapo sauti huanza kuachana na midomo. Kwa kuwa kamera nyingi za simu zina lenzi ambayo uwazi wake haubadiliki, juani utahitaji filta ya ND ya kubana. Ningeitumia kwa picha pana na kuiepuka kwa nyuso za karibu, kwani simu huchora ule ukingo wa ukali kupita kiasi.

Fremu24 amejibu:

Nakubali hoja ya Taa_Moja kuhusu mwanga. Naongeza jambo la mwendo wa kamera, kwa kuwa umesema unageuza kamera kutoka kwa mhusika mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa fremu 24 au 25, kamera ikigeuzwa haraka, mandhari hukatikakatika hata kama shata ni sahihi. Kipimo cha kazi ni kwamba kitu kilichosimama kichukue kama sekunde 7 kuvuka picha kutoka ukingo hadi ukingo. Ukimfuata mtu anayetembea unaweza kwenda haraka zaidi, maana jicho linamshika yeye na kuyaacha mandhari. Kwa mazungumzo yako ningependelea kurekodi kila mhusika peke yake, kamera ikiwa kwenye stendi ya miguu mitatu, kisha uunganishe wakati wa kuhariri.

Ukilazimika kuishika mkononi, zima uimarishaji wa kidijitali. Kwa 1/50 mtikisiko wa mkono huacha ukungu ndani ya fremu, na programu ikiituliza fremu hiyo, ukungu unabaki bila mtikisiko uliousababisha, hivyo picha huonekana kama inapumua na kutetemeka yenyewe. Uimarishaji wa kwenye lenzi au kwenye kihisi hauna tatizo kubwa hivyo, ingawa kwenye lenzi pana pembe za picha huweza kuyumba unapotembea. Kwa lenzi yako ya milimita 35 washa uimarishaji huo ukiwa umesimama, na uuzime pale kamera inapokuwa kwenye stendi.